Turubai au Paa Gumu? Mwongozo Kamili wa Kuamua kwa Mwenye Land Rover na Magari ya Aina Yake

Mtu akiniambia anataka kubadili paa la gari lake, namuuliza kwanza: gari linalala wapi? Simuulizi linakwenda wapi. Wengi huanza na safari waliyoiota: turubai limekunjwa, upepo unapita, twiga kando ya njia. Safari hiyo huja mara mbili au tatu kwa mwaka. Usiku huja mara 365, na kila usiku gari limesimama mahali, likinyeshewa au likipigwa na umande, na kando yake anaweza kupita mtu mwenye kisu.

Nimeendesha Land Rover 110 ya turubai kwa miaka sita, kisha gari hilohilo nikalifunga paa la alumini. Kwa hiyo mengi ya hapa yanatokana na Land Rover. Lakini yanashika pia kwa Land Cruiser za mfululizo wa 40 na 70 zilizotoka kiwandani na turubai, Suzuki Sierra, Escudo ya milango mitatu yenye turubai nyuma, na Jeep Wrangler. Ninaposema paa gumu nina maana ya lolote lisilokunjika: bati la chuma, alumini au faiba. Mafundi wengi huyaita yote "paa la bati", na wengine husema hadtopu.

Hatua ya kwanza: hakikisha gari lako linakubali

Land Rover ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, ilikuwa gari la turubai. Tangu hapo hadi Defender ya mwisho (Defender ni jina la baadaye la gari hilohilo) ilipotoka kiwanda cha Solihull Januari 2016, paa lilibaki kuwa kitu cha kufungwa kwa bolti. Mabati ya ubavuni hukaa juu ya ukingo wa bodi ya nyuma, paa hushikwa na fremu ya kioo cha mbele, na ukilegeza bolti zote linanyanyuliwa na watu wanne. Ndiyo maana wenye Land Rover wanaweza kubadili mawazo.

Sasa ingia ndani ya gari lako. Vuta kidogo kitambaa cha dari, ufuate nguzo ya mlango kwa vidole hadi inapokutana na paa. Ukikuta bolti, endelea kusoma. Ukikuta paa limechomelewa moja kwa moja na nguzo, kama lilivyo kwenye Prado, RAV4 au Jimny iliyotoka 2018, usilikate, hata fundi akikuahidi nini. Paa la namna hiyo linabeba sehemu ya nguvu za bodi nzima. Ukilikata, bodi inaanza kujipinda kwenye makorongo, milango inakataa kufunga, na siku gari likipinduka hakuna kilichobaki juu ya vichwa vya watu.

Angalia na mikanda. Kwenye magari mengi ya paa gumu, ncha ya juu ya mkanda wa dereva imefungwa kwenye nguzo au bati linaloondoka pamoja na paa. Mtu anavua paa, anaweka turubai, anabaki na mkanda usio na mahali pa kushikwa. Kabla ya kununua turubai lolote, mwulize fundi mkanda utafungwa wapi. Jibu sahihi ni bomba nene la chuma nyuma ya viti, lililofungwa kwa bolti hadi kwenye chasi au sehemu imara ya bodi. Mabomba membamba ya turubai hayahesabiki.

Hatua ya pili: andika mwezi mmoja wa maisha ya gari

Chukua daftari. Kila siku andika mambo matatu: lililala wapi, lilisimama juani saa ngapi, na lilikwenda kilomita ngapi za vumbi. Mwezi mmoja unatosha, ingawa ukiweza kuchukua mwezi wa masika na mwezi wa kiangazi ni bora zaidi.

Mimi huamua hivi. Gari likilala nje ya geti zaidi ya siku saba au nane kwa mwezi, nenda paa gumu bila kujiuliza mara mbili. Likilala ndani ya uzio wenye mlinzi, na kazi yake kubwa ni shamba, kubeba magunia na watu kwa safari fupi, turubai litakufaa na litakuokolea pesa. Likiwa la safari ndefu za barabara kuu, kwa mfano Arusha hadi Mwanza au Nairobi hadi Marsabit, paa gumu tena, kwa sababu ya makelele tu. Turubai kwa kilomita 90 kwa saa linapiga kama tanga lililolegea, na baada ya saa nne dereva amechoka kuliko kazi aliyofanya.

Kuhusu wizi sitasema kwa nadharia. Mwaka wa tatu wa turubai langu niliegesha kando ya soko, wakati wa magharibi, kwa dakika kumi na tano. Niliporudi nilikuta mkato mmoja ulionyooka kama umepimwa kwa rula. Jeki, kamba ya kuvutia gari na begi la mwenzangu vilikuwa vimekwenda. Tangu siku ile nilifunga sanduku la chuma sakafuni kwa bolti zinazokazwa kutokea ndani ya sanduku, na kila chenye thamani kikaingia humo. Gari likiwa tupu, niliacha mlango wa nyuma bila kufuli. Mwizi achungulie, aone hakuna kitu, aende zake bila kukata. Mwenye turubai anayefunga milango yote kwa funguo anamlazimisha mwizi atumie kisu.

Hatua ya tatu: elewa vumbi na moshi

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na ndipo penye hatari ya kweli.

Gari linapokwenda, hewa nyuma yake inabaki nyepesi, na hewa hiyo nyepesi inavuta. Inavuta vumbi kutoka kwenye magurudumu, na inavuta moshi wa eksozi. Ukifungua turubai la nyuma huku pande na mbele pamefungwa, gari linageuka bomba la kunyonya: kila kinachozunguka nyuma kinaingia ndani. Vumbi utaliona. Kaboni monoksidi iliyomo ndani ya moshi huioni, haina harufu, na inaua. Abiria wa viti vya nyuma wakianza kulalamika kichwa kinauma na wanasikia usingizi wa ghafla, usidhani ni joto. Simamisha gari, washushe wote wapate hewa, na asiyepata nafuu haraka apelekwe hospitali.

Kanuni ni hii: fungua mbele kabla ya nyuma. Land Rover za zamani zina vifuniko viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele. Vikifunguliwa, hewa safi inaingia kwa nguvu na kusukuma hewa ya ndani kwenda nje. Ukitaka upepo na turubai, kunja pande zote pamoja na nyuma, au acha nyuma imefungwa kabisa na ufungue madirisha ya mbele. Usiiache nyuma wazi peke yake.

Paa gumu lenye mipira mizima ya milango linashinda vumbi kwa mbali, hasa lile jeupe la majivu ya volkano ukishuka kutoka Ngorongoro kuelekea lango la Naabi la Serengeti, ambalo linapita hata kwenye zipu iliyofungwa. Lakini paa gumu lenye mpira uliopasuka kwenye mlango wa nyuma ni baya sawa na turubai bovu. Kabla ya kulaumu paa, pima mipira. Weka noti kati ya mlango na bodi, funga mlango, vuta noti. Ikitoka bila kushikwa, mpira umekufa.

Hatua ya nne: jua, mvua, baridi na mbung'o

Turubai la pamba lina tabia moja nzuri ajabu. Likilowa, nyuzi zinavimba na kuziba matundu yenyewe. Ila ukiegemeza begi au bega kwa ndani wakati limelowa, maji yanaanza kupenya pale pale ulipogusa. Wape abiria onyo hilo kabla ya mvua. Turubai la plastiki, lile la malori, halina shida hiyo, lakini halipumui, na gari likisimama juani ndani panakuwa tanuri.

Bati tupu nalo halina huruma. Mchana linachoma, mvua ikinyesha hamsikilizani, na usiku wa baridi pumzi za waliolala ndani zinageuka matone darini. Nililala hivyo ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi blanketi lilikuwa limelowa ingawa hakukuwa na mvua. Wazee wa Land Rover walikuwa na dawa: paa la tropiki. Ni bati la pili lililofungwa juu ya la kwanza, kati yake hewa inapita. Bati la juu linakula jua, la chini linabaki kivulini. Ukikuta paa la namna hiyo linauzwa, likiwa zima, lichukue kabla ya jingine lolote. Ukikosa, paka paa rangi nyeupe na ubandike sponji la kuzuia joto kwa ndani. Tofauti utaisikia siku ya kwanza.

Kwa wanaokwenda hifadhi za Tarangire, Katavi, Ruaha au Nyerere: mbung'o, wengine huwaita ndorobo, hufuata gari linalotembea, na wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi. Mitego yao hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo makusudi. Kwa hiyo usishone turubai la bluu iliyoiva au jeusi, hata likiwa la bei nafuu. Kaki au rangi ya mchanga ndiyo ya kuchagua.

Nyani na tumbili wa sehemu za kupumzikia nao wana mikono. Zipu kwao si kitu.

Hatua ya tano: mzigo na kupinduka

Ukitaka keria, hema la juu ya gari, au kubeba mbao na mabomba juu, turubai halifai, labda ujengewe fremu ya nje inayoshuka hadi kwenye chasi. Hema la juu peke yake huwa kilo 50 na kuendelea, bado hujaweka godoro na watu. Soma kwenye kitabu cha gari uzito unaoruhusiwa juu ya paa, na kumbuka kikomo cha njia mbovu huwa chini ya kile cha lami. Kila kilo unayopandisha juu inapandisha kitovu cha uzito, na Land Rover iliyobeba madumu sita ya dizeli juu ya paa inalala ubavu kwenye mteremko ambao ikiwa tupu ingeupita.

Na usidanganyike kwamba bati litakuokoa gari likipinduka. Paa la alumini la Land Rover linakunjika, la faiba linapasuka. Kinachookoa ni fremu ya mabomba manene iliyofungwa ipasavyo, pamoja na mkanda uliofungwa. Mwenye turubai na fremu nzuri yuko salama kuliko mwenye bati bila fremu. Pesa zako zikitosha kitu kimoja tu, anza na fremu.

Hatua ya sita: ukichagua turubai

Usinunue lililoshonwa kwa kubahatisha. Kwa pamba, tafuta kitambaa cha gramu 400 hadi 500 kwa mita ya mraba. Kwa plastiki ya malori, gramu 600 na zaidi. Kabla fundi hajakata, nunua mita moja, iloweke usiku kucha, ikauke, uipime upya. Ikiwa imepungua, fundi aongeze kiasi hicho kila upande, au aloweke kitambaa chote kwanza. Nimeona turubai jipya lililokaa vizuri Februari, na Aprili, baada ya mvua tatu, likakataa kufika kwenye ndoano zake.

Fundi apime juu ya gari lenyewe, mabomba yakiwa yamefungwa na kukazwa. Mwambie akunje mshono mara mbili na ashone mistari miwili, kwa uzi wa poliesta wa kustahimili jua. Uzi ndio huoza kwanza, kitambaa kikiwa bado kizima. Pale bomba linapogusa kitambaa aweke kiraka cha ngozi au turubai la pili. Zipu ziwe za plastiki nene, maana za chuma pwani zinaganda kwa chumvi ndani ya mwaka, na kila zipu iwe na ulimi wa kitambaa juu yake wa kuzuia vumbi na maji.

Madirisha ya plastiki angavu ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Yanageuka manjano, kisha yanapasuka. Yaoshe kwa maji mengi kabla ya kugusa kwa kitambaa, kwa sababu vumbi likisuguliwa kavu linakwaruza kama msasa. Usitumie petroli wala thina. Na asubuhi ya baridi usiyakunje. Subiri jua liyalainishe.

Hatua ya saba: ukichagua paa gumu

Mengi utakayoyakuta ni ya mtumba, kutoka magari yaliyokufa. Si vibaya. Lilaze chini likitazama juu, ukague pembe nne kwanza, kwa sababu hapo ndipo nyufa huanzia. La faiba, gonga kwa kifundo cha kidole kila sentimita kumi. Sauti ikibadilika kutoka kavu kuwa ya kufifia, tabaka zimeachana ndani. La alumini, tazama lilipogusana na chuma. Metali hizo mbili zikikutana na maji, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe, na kwa magari ya Tanga, Mombasa au Unguja huu ni ugonjwa wa kawaida. Unga kidogo unasafishika. Ukiona matundu kuzunguka bolti, liache.

Siku ya kufunga ita watu wanne. Safisha ukingo wa bodi hadi rangi ionekane, weka mpira mpya, wala usijaribu kuutumia wa zamani kwa kuongeza silikoni. Kati ya alumini na bolti ya chuma weka washa ya plastiki. Ingiza bolti zote kwa mkono kwanza, zizunguke mara tatu nne, ndipo ukaze kwa zamu, mbele kulia kisha nyuma kushoto. Anayekaza upande mmoja hadi mwisho atakuta upande wa pili matundu hayakutani, na atachukua drili. Drili hapo ni mwanzo wa kuvuja.

Hatua ya nane: mtihani wa maji na wa taa

Paa lolote, gumu au turubai, nalipima kwa njia mbili. Mchana, mtu mmoja anakaa ndani na tochi, mwingine anamwaga maji kwa mpira akianzia chini kwenda juu. Akianzia juu, maji yatateremka na kuingia kila mahali, hutajua tundu ni lipi. Usiku, weka taa kali ndani, funga kila kitu, zunguka nje gizani. Palipo na mstari wa mwanga ndipo vumbi litakapopita.

Njia ya kati

Kwa wengi wa mashambani na wajenzi, jibu bora ni kabini ya bati mbele kwa dereva na abiria, na nyuma mabomba na turubai, kama pikapu za Land Cruiser zinazojaa kwenye barabara zetu. Watu wanapata ukimya na kufuli, mzigo unapata kivuli. Ila usipakie abiria nyuma ukiwa umefunga turubai. Rudi usome habari za moshi.

Ukishabadili, nenda na karatasi. Kadi ya gari Tanzania na logibuku ya Kenya zimeandika aina ya bodi. Pikapu ikigeuka gari la paa zima, taarifa hizo zirekebishwe, Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa Tanzania na mamlaka ya usafiri na usalama barabarani (NTSA) kwa Kenya, na kampuni yako ya bima ijulishwe kwa maandishi. Fanya hivyo wiki hiyohiyo.

Na lile paa ulilovua usilitupe. La bati liegemeze ukutani kwa upana wake, juu ya mbao mbili, mbali na njia ya watu, wala usiweke kitu juu yake. Turubai lisafishe, likauke siku mbili juani hadi kwenye mishono, lizungushe kwenye bomba badala ya kulikunja, madirisha yakitazama nje na shuka kuukuu katikati. Sugua zipu kwa mshumaa. Kisha lining'inize kwenye kenchi za banda kwa waya, pasipofikika na panya, maana panya hupenda turubai la pamba, na wakikaa humo msimu mmoja utatoa vipande. Bolti zote ziweke kwenye chupa moja, uandike juu yake zilikotoka.